Nilidhani Oldenburg ni Elburgon

Msimu huu wa baridi nilikuwa nikichagua koti la mtoto kwenye marundo ya mitumba pale sokoni Nakuru. Nilipata moja la bluu, zito, lenye vifungo vya mbao. Nililigeuza ndani kuangalia kama bitana imechanika, na hapo shingoni, mahali ambapo mama fulani wa mbali alishona alama ili koti lisipotee shuleni, palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe. Jina la mtoto lilikuwa limefutika kwa kufuliwa. Chini yake neno moja lilikuwa bado linasomeka: Oldenburg.

"Siste, hiyo ni kamera, ile ya kwanza kabisa," muuzaji aliniambia. "Bale nimefungua asubuhi. Hiyo hata mwenyewe hakuivaa mara mbili."

Nililirudisha koti kwenye rundo na kuondoka, nikasimama mbele ya duka la simu kama mtu anayechagua simu. Mtu mzima, mwenye kazi na mtoto, natetemeshwa na jina la mahali Ujerumani ambako sijawahi kukanyaga. Lakini nilipokuwa na miaka saba niliishi na jina hilo kila siku, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba Baba alikuwa anaishi ndani yake.

Tulitoka Keringet juu ya lori la viazi. Wa rika langu waliokulia upande wa Kuresoi hawahitaji kuelezwa kwa nini. Wengine watosheke nikisema ulikuwa ule mwaka ambao kura zilihesabiwa na majirani wakaacha kusalimiana. Asubuhi hiyo moshi ulikuwa unapanda kutoka bonde la pili. Mama alibeba sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya jana yake, imefungwa kwa leso. Mimi nilivaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa karibu na kitanda. Baba alinipandisha juu ya magunia, akakaa kando yangu, akaushika mkono wangu kwa kiganja kilichonuka dawa ya kunyunyizia viazi. Harufu ile, chungu kidogo kama ya kiberiti, ndiyo ninayoikumbuka zaidi ya uso wake.

Tulipokaribia Elburgon, dereva alisimamisha lori kando ya viwanda vya kupasua mbao. Alishuka, akaongea na mtu wa baiskeli, akarudi sura imembadilika.

"Mbele wameweka mawe kwa barabara," alisema. "Wamama na watoto watapita. Lakini wakiona wanaume hapa juu, hatupiti sisi wote. Shukeni. Pitieni huku nyuma ya viwanda, nitawachukua upande ule mwingine."

Wanaume wakashuka. Baba alikuwa wa mwisho. Alivaa kofia yake ya sufu, akaivuta mpaka masikioni, akaniambia nimshike Mama vizuri asianguke, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Kisha akaruka chini akapotea katikati ya marundo ya magogo.

Lori likapita. Upande ule mwingine tulisubiri, injini ikinguruma. Walitokea wanaume wawili tu, wakikimbia, mmoja bila viatu. Walisema wamefukuzwa, kila mtu amekimbilia njia yake. Dereva akasubiri tena kidogo, halafu kelele zikaanza nyuma yetu, akaondoa gari. Mama alipiga mbao za lori kwa ngumi, akimwita dereva arudi, mpaka tukafika Njoro na sauti ikamwishia.

"Baba amebaki wapi?" nilimuuliza jioni hiyo.

"Amebaki Elburgon."

Hilo ndilo jibu nililopewa, na kwa mtoto lilitosha. Mtu akibaki mahali, yuko mahali.

Sasa najua kwamba majuma yaliyofuata Mama alizunguka Nakuru yote, hospitali na vituo vya polisi, hata kule ambako watu huingia wameziba pua. Wakati ule nilijua tu kwamba aliniacha asubuhi na mwanamke wa hema la jirani, pale kambini tulikohifadhiwa, na kurudi jioni viatu vimejaa vumbi. Elburgon kwenyewe hakwenda. Kila mara alisema atakwenda, na kila mara barabara ile ilimshinda.

Baadaye tulipata chumba Lanet, mahali ambapo asubuhi unasikia tarumbeta ya kambi ya jeshi kabla ya kusikia jogoo. Mama alikuwa mwalimu wa nasari kule Keringet. Hapa Lanet alipata kazi kwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini na kufungua saiba, duka la intaneti. Jina lake lilikuwa Ouma, lakini mtaa mzima ulimwita Sajini. Watu wa umri wangu mnazikumbuka saiba zile: kompyuta za mgongo mkubwa, sauti ya feni, viti vya plastiki, na ile harufu ya vumbi lililopashwa moto. Ukisogeza uso karibu na skrini, vinyweleo vya mkono vilisimama. Mimi nilitoka shule mchana, nikaja kukaa chini ya kaunta nikifanya homuwaki, huku Mama akipigia watu chapa barua za kuomba kazi na kutoa fotokopi.

Sajini alikuwa na mchezo kwenye kompyuta. Haukuwa wa magari wala wa kupiga mpira. Ulikuwa ramani kubwa ya Ulaya ya zamani, ya enzi za wafalme, kila nchi na rangi yake. Unachagua nchi moja, unakuwa serikali yake. Unatoza kodi, unaajiri askari, unaoza mabinti kwa majirani, unapigana. Siku na miezi hupita yenyewe pale juu kwenye kona. Sajini alichukua nchi kubwa kila mara, Austria au Uswidi, na alizungumza na skrini kama mtu anayekemea mbwa.

Alasiri moja ya mvua, wateja hawakuwepo. Sajini alimwona Mama amekaa akitazama ukuta, kama alivyozoea kukaa.

"Mama Shiko," alisema, "kuja nikufundishe hii kitu. Hii kukaa hivyo si mzuri. Chagua nchi."

Mama alisogea kwa adabu tu, nadhani. Aliupitisha mshale juu ya ile ramani polepole, akisoma majina. Pale Ujerumani nchi zilikuwa nyingi na ndogondogo, zimebanana kama viraka vya shamba. Akasimama juu ya moja.

"Nataka hii."

Sajini aliinama kusoma. Alilitamka kwa haraka, akimeza herufi: "Olbagon? Hiyo? Hiyo hata si nchi, ni shamba. Ng'ombe akikimbia kidogo tu ametoka nje ya mpaka."

"Ndiyo hiyo," Mama akasema.

Sajini alimtazama. Hakubisha tena.

Mimi chini ya kaunta nilisikia neno moja tu, na nilitoka mbio nikagonga kichwa. "Mama! Hiyo ni Elburgon?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. "Ni kama Elburgon," Mama akasema.

Nilitazama. Palikuwa na kiraka cha kijani hafifu, kidogo kuliko kiganja changu, na katikati yake mtu mmoja amesimama. Kila jeshi kwenye mchezo ule lilioneshwa kwa askari mmoja tu. Huyu alikuwa na kofia iliyomfunika masikio. Alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, akainua kidevu, akakishusha, kama mtu anayesubiri gari kwenye baridi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Leo nimeshasoma kuhusu Oldenburg. Ni mahali pa kweli, tambarare, karibu na bahari, penye mvua nyingi na ng'ombe wa maziwa. Ilitawaliwa na ukoo mmoja kwa muda mrefu, na maajabu yake makubwa ni kwamba ilidumu kwa karne nyingi ikiwa imezungukwa na wakubwa. Huenda Mama alikuja kuyajua haya. Sijui. Ninachojua ni kwamba kuanzia alasiri ile, kila wateja walipopungua, alikaa pale akaitunza.

Hakucheza kama Sajini. Hakushambulia mtu. Alipeleka zawadi kwa majirani wakubwa, akaoza mabinti, akaomba urafiki, akakataliwa, akaomba tena. Askari wake hakumtoa nje ya mpaka hata siku moja. Sajini alikuja kusimama nyuma yake na kikombe cha chai, akitikisa kichwa.

"Mama Shiko, huwezi shinda hivi. Nchi haikai tu. Ama inapanuka, ama inaliwa."

"Sitaki kushinda, Sajini," Mama alisema bila kugeuka. "Nataka tu wasituondoe."

Nami nilifika kutoka shule, kabla hata ya kuvua begi, nikauliza, "Bado iko?" Mama akajibu, "Bado iko." Tuliulizana hivyo kila siku, na kila mmoja alidhani anajua mwenzake anauliza nini.

Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba Baba yuko Elburgon na mimi humwona kila siku kwa kompyuta. Msichana mmoja akaniita muongo. Nikamwambia hata kofia yake naiona. Aliponiuliza kama huwa ananisemesha, swali hilo likanisumbua. Kwa hiyo nikaanza kumsemesha mimi. Mama akitoka kwenda kuchota maji ya chai, nilisogeza mdomo karibu na kioo, mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu, nikamwambia mambo ya siku hiyo. Nilimwambia nimepata meno mapya. Nilimwambia Mama halii tena akiosha vyombo. Yeye aliinua kidevu, akakishusha. Nilichukulia kwamba anaitikia.

Kulikuwa na majira kwenye ramani ile. Ilipofika miezi ya baridi, upande wote wa kaskazini uligeuka mweupe. Mara ya kwanza kuona, nilishikwa na hofu. Elburgon ni baridi, kila mtu anajua, asubuhi nyasi huwa na umande wa barafu. Lakini weupe ule ulifunika nchi nzima, na Baba amesimama katikati yake bila nyumba, bila moto. Nilivua sweta yangu ya shule nikaitandaza juu ya ile kompyuta, nikaishusha mpaka ikafunika nusu ya skrini.

"Shiko, toa hiyo," Mama alisema. "Utaichoma mashine."

Niliitoa. Usiku, kitandani, nilitetemeka kwa ajili ya mtu mwingine.

Lakini kilichoniandama zaidi ni kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi. Mteja akiingia katikati ya mchezo, Mama alikibonyeza na kila kitu kikasimama. Meli zilisimama baharini. Majeshi yalisimama barabarani. Baba alisimama, pengine mguu mmoja ukiwa juu. Mama akaenda kutoa fotokopi, akarudishia mtu chenji, akaongea mambo ya mvua, na muda huo wote yeye alikuwa amegandishwa hivyo. Kisha Mama akarudi, akabonyeza tena, naye akaendelea pale alipoachia.

Mtoto huunganisha mambo kwa kamba anazozipata. Kwa nini Baba hakuja Lanet wakati Elburgon si mbali? Kwa nini wengine waliopotea walirudi, hata baba yake rafiki yangu aliyekuwa amejificha msituni? Nilianza kuona sababu. Kila alipokuwa tayari kuanza safari, Mama alimsimamisha. Sikumchukia kwa hilo. Nilidhani ana sababu za watu wazima. Lakini nilianza kumwogopa, na nilianza kukitazama kidole gumba chake akimenya viazi au akinifunga vifungo vya sare. Kidole hicho kilikuwa na nguvu za kumzuia mtu asirudi nyumbani.

Siku moja nilirudi nikakuta saiba kimya. Sajini amesimama nyuma ya Mama, wote wawili wanatazama skrini. Jirani mmoja mkubwa, wa rangi ya kijivu, alikuwa ametangaza vita. Yule rafiki aliyepelekewa zawadi zote alikuwa amekataa kuja kusaidia. Kwenye mpaka wa kile kiraka cha kijani alisimama askari wa kijivu, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine.

"Hapa, Mama Shiko, sema ukweli," Sajini alisema polepole. "Hapa hakuna kitu ya kufanya."

Mama alibonyeza kile kitufe. Kila kitu kikasimama. Akaamka, akaenda kupika chai.

Hakukibonyeza tena siku hiyo. Wala kesho yake. Mashine ile iliachwa inawaka, mchana na usiku, ramani imeganda. Wateja walipoiulizia, Mama alisema imeharibika, na Sajini, aliyekuwa anajua kila shilingi ya umeme inakwenda wapi, alichukua karatasi akaandika IMEHARIBIKA na kuibandika pembeni mwa skrini. Hakumlaumu. Alipita nyuma yake taratibu, kama mtu anayepita nyumba yenye mgonjwa.

Na kila mchana niliingia kutoka shule nikamkuta Baba vilevile: amegeukia upande wa wale wa kijivu, kidevu kimeinuliwa, mguu mmoja haujafika chini. Nikafanya homuwaki yangu, nikainua macho, yuko vilevile. Nikala mkate, yuko vilevile. Ikafika mahali sikuweza kula.

"Mama," nikasema. Nakumbuka kulikuwa na mteja mmoja, mwanajeshi kijana, anaandika barua pepe kwenye kona. "Mama, kwani umemkasirikia?"

"Nani?"

"Amechoka kusimama. Mwachilie aje."

"Nani, Shiko?"

"Baba."

Yule kijana aliacha kuandika. Sajini, aliyekuwa mlangoni akizungumza na mtu wa maziwa, aligeuka. Mama alinitazama, akatazama skrini, akafuata macho yangu mpaka kwa yule mtu mdogo mwenye kofia. Niliona uso wake ukifanya kazi, kama mtu anayesoma barua ya lugha nyingine neno kwa neno. Nadhani alikumbuka yote kwa mara moja: sweta, ukungu kwenye kioo, "bado iko?"

Akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni mbele yangu, macho yetu yakawa sawa.

"Shiko. Baba hayuko ndani ya hii. Hii ni mchezo. Ni picha tu."

"Ulisema ni Elburgon."

"Nilisema ni kama Elburgon. Nilikosea kusema hivyo."

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Sijui," Mama akasema.

Alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo kabla ya siku hiyo. Miezi yote alikuwa amesema yuko, amebaki, atakuja. Nililia, lakini si kwa sababu nilielewa. Nililia kwa sababu yule mtu kwenye skrini, niliyemwambia siri zangu zote, alikuwa hanijui.

Mama alinishika mpaka nikanyamaza. Kisha akakaa tena kwenye kiti, akanipakata, akaweka kidole kwenye kile kitufe. "Tazama na mimi," akasema. Akabonyeza. Wale wa kijivu wakaingia. Haikuchukua muda wa kumenya ndizi. Askari wa kofia alianguka, ngoma zikalia kidogo, na baada ya muda kile kiraka cha kijani kikabadilika kuwa kijivu kama nchi nyingine zote kuzunguka. Jina likafutika. Mama alizima mashine. Feni yake ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

Sajini alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. "Siku ile umechagua hiyo jina," akamwambia Mama, "nilijua. Sikutaka kuuliza." Akaibandua ile karatasi, akaikunja. "Niko na pikap. Hata kesho tunaweza enda."

"Kesho naweza badilisha mawazo," Mama akasema.

"Basi tuende sai."

Tukafunga saiba mchana peupe. Nilikaa mbele, magotini mwa Mama. Alishika mpini wa mlango njia yote, na kila penye matuta ya barabarani nilihisi mwili wake unakuwa mgumu. Tulipita Njoro. Mashamba ya ngano yalikuwa yamevunwa, na mawe yaliyokuwa barabarani sasa yalikuwa yamepangwa vizuri kando, watu wameyakalia wakiuza karoti.

Mimi nilikuwa nimetoa macho. Mama alikuwa ameniambia ukweli, lakini ukweli huchukua muda kushuka, na sehemu yangu moja ilikuwa bado inatarajia kukuta mji ulioganda, watu wamesimama mguu juu. Nikaona punda wanavuta mikokoteni ya maji. Nikaona lori za mbao, wanawake wa kuuza chai, watoto wa umri wangu wanakimbiza tairi. Kila mtu alikuwa anatembea. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Kama kila mtu anatembea Elburgon, basi Baba hakuwa amezuiwa na mtu.

Mama alipakumbuka mahali lori liliposimama. Tulisimama kwenye kiwanda cha kwanza, msimamizi akasema yeye ni mgeni, hajui mambo ya wakati ule. Kwenye cha pili vijana wawili waliokuwa wanapanga mbao walitazamana, mmoja akasema, "Mathe, uliza yule mzee analinda kule chini. Lakini usiseme ni sisi."

Kule chini palinuka mbao mbichi na moshi. Mzee mwembamba, amevaa koti la mvua, alikuwa anaota moto wa vipande vya mbao kando ya rundo la vumbi la msumeno lililozidi nyumba kwa urefu. Alipotusalimia, lafudhi yake ilikuwa ile tuliyofundishwa mwaka huo kuiogopa. Nilijificha nyuma ya sketi ya Mama. Sajini alitaka kusogea mbele, Mama akamzuia kwa mkono.

"Mzee, natafuta mtu," akasema. "Wakati wa ile vita alipitia hapa."

Mzee alikuwa ananitazama mimi. Akauliza, "Huyu ndio Shiko?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja jina langu.

Mama alikaa chini, palepale kwenye vumbi la mbao. Mzee akaleta gogo akaliweka karibu yake, lakini Mama hakuinuka.

"Aliniambia yeye ni Baba Shiko," mzee akasema. "Jina ingine hakusema, na mimi sikuuliza. Hizo siku jina ya mtu ilikuwa kitu mbaya. Nilimpata hapo nyuma ya mabanzi. Alikuwa ameumizwa hapa." Akajigusa ubavuni. "Nikamweka kwa stoo. Nikamfungia mlango na nje, wakija waone kufuli. Walikuja. Wakaona kufuli. Nilikuwa nangojea giza nitafute gari, lakini hakufika giza. Mimi na kijana yangu tukamzika. Sikuweza sema kwa mtu. Wangeniuliza kwa nini nilimficha."

Alituongoza mpaka kwenye ua. Palikuwa na tuta, limeota majani, na kuzunguka tuta mzee alikuwa amesimamisha mabanzi, yamepigwa misumari vizuri, ng'ombe wasikanyage. Nilikuwa sijawahi kuona kaburi kwa karibu. Nililiona dogo sana. Mama alinishika mkono, akaniambia nimsalimie Baba, nami nikasema, "Baba, shikamoo," kama tulivyofundishwa shuleni kusalimia wageni, kwa sababu sikujua mtu husema nini. Sajini aligeuka akatazama milima.

Mama alichuma majani machache juu ya tuta. Bila kuinua kichwa akauliza, "Alisema kitu?"

"Alikuwa anauliza lori tu," mzee akajibu. "Saa yote, lori ya viazi imepita? Lori ya viazi imepita? Hakutaka hata maji. Nikamwambia imepita, nimeiona na macho yangu, bibi na mtoto wako juu, wako sawa. Ndio akatulia."

"Uliiona?"

Mzee alifuta macho kwa mkono wa koti lake. "Hapana, mama. Hapa chini barabara haionekani. Nilimdanganya ndio alale."

Mama alitambaa hatua kwa magoti, akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye paji la uso wake.

"Hukumdanganya," akasema. "Tulipita."